Banda la Vifaranga Kwenye Simu

Ciru alifika kwa babake, Dagoretti Corner, saa tatu asubuhi, macho mazito, mgongo ukimuuma baada ya wiki nzima ya kuinamia kompyuta. Mwalimu wake wa uhandisi alikuwa ameisifu sana kazi yake: programu ya kuonyesha jinsi joto linavyosambaa chumbani. Unasogeza jiko kwa kidole na rangi zinabadilika. Buluu ni baridi, nyekundu ni joto la kupita kiasi, kijani ni sawasawa.

Chumba alichokichora kilikuwa banda la vifaranga la babake, Mzee Macharia. Wiki iliyopita alimwekea programu hiyo kwenye simu, na mzee akaichezea hadi ugali ukapoa mezani. Miaka yote, baridi ya Julai ikifika, aliwasha majiko mawili. Simu ikasema moja linatosha, chumba chote kijani. Basi akaondoa la pili.

Sasa vifaranga mia moja na arobaini, kati ya mia mbili, walikuwa wamelazwa kwenye gunia mlangoni, wamekufa.

Ciru alikuwa amechoka hata asiweze kulia. Hakuhitaji kupima chochote. Juu ukutani kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, na baridi ikiingia itakavyo. Nani asiyejua kwamba chumba chenye jiko la makaa hakifungwi? Yeye mwenyewe alilelewa kwa onyo hilo. Lakini alipoketi mbele ya kompyuta, msomi wa watu, alichora kuta nne, paa na mlango, akafunga kila kitu, kwa kuwa hesabu za chumba kilichofungwa ni rahisi.

Alifungua kompyuta, akaongeza dirisha. Buluu ikaenea ikameza kijani chote.

"Ni makosa yangu, Baba. Nilisahau dirisha."

Mzee aliitazama ile buluu bila kushangaa.

"Hata mimi niliona," alisema. "Jana jioni walikuwa wamerundikana hapo kwa jiko, wamepandana. Hiyo ni baridi tu. Nikachukua jiko ya pili niwashe."

"Na mbona hukuwasha?"

"Nikaangalia simu, nikapata bado ni kijani." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi niliachia darasa la sita. Nitabishana aje na wewe, Ciru?"