Mkono wa Mzee Katika Sinia

Siwema Lugome hakuwa mtu wa ndoto. Alikuwa mtu wa kulala kama gogo na kuamka na hasira za kuamshwa, na ukimsimulia ndoto yako asubuhi atakukatiza katikati akuulize kama umeshapiga mswaki. Lakini usiku ule wa kuhesabu kura ulimvunja. Tangu jua lizame, sebule ya baba yake ilikuwa imejaa ndugu, majirani na wapambe wa chama, redio huku, televisheni kule, na kila matokeo ya kata yalipotangazwa mizani ilipinduka: mara Mzee Msabaha Lugome, baba yake, yuko mbele kwa kura za kuokoteza, mara mpinzani wake Mzee Tendwa, mara baba tena. Jimbo zima la Chamwale lilikuwa roho juu kwa ajili ya wazee wawili waliokula chumvi nyingi, ambao walikuwa wakipokezana kiti cha ubunge tangu Siwema anavaa sare za shule. Wali ulipakuliwa, ukapoa, ukaganda mafuta, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kutia mkono kwenye sinia kabla ya mzee, na mzee alikuwa amesinzia kitini. Kumwamsha nako hakukuwahi kufanyika, hata siku moja.

"Hawa wawili," alisema shangazi yake, Bi Mgeni, mdogo wa mzee, ambaye mdomo wake haukujua foleni, "wapeni kiti kimoja wakae wote, halafu muwaulize nani alitangulia. Hakuna atakayekumbuka."

"Uzee si ugonjwa, Bi Mgeni," alijibu Mwalimu Ndimbo wa nyumba ya pili. "Uzoefu hauuzwi dukani."

"Sijasema unauzwa. Nasema umelala. Si huo hapo?"

Wote wakamtazama mzee, kidevu kifuani, kisha wakageuza macho upesi, kana kwamba wamemfumania mtu bafuni. Siwema ndiye aliyegeuka wa kwanza. Yeye alikuwa katibu wa baba yake, na alijua mambo ambayo wengine waliyakisia tu. Kampeni nzima alisimama nyuma ya bega la mzee akimnong'oneza majina ya watu, baadaye sentensi, na mwisho hotuba nzima. Kwenye mdahalo wa redio alijibu yeye, akasema sauti ya mzee imekauka. Siku ya mkutano wa mwisho, garini, baba alimwita kwa jina la marehemu mkewe, mama yake Siwema, akamuuliza wanakwenda kumposea nani. Siwema akajibu kwamba wanakwenda kwa watu wema. Hakumwambia mtu. Moyoni alikiita kitendo kile heshima, na alijivunia kuwa nayo.

Kulipopambazuka, hesabu ikiwa bado haijaisha, kaka yake Kibwana alimvuta pembeni. Vijana wa chama walikuwa wamekusanyika nje ya geti na marungu na mawe, na wale wa Tendwa walikuwa tayari mbele ya ukumbi wa kujumlishia kura. "Dada, tukisubiri tutachelewa," alisema. "Chukua kipaza sauti, uwaambie mzee amesema tumeshinda na asitokee mtu wa kutuibia. Wanasubiri neno lake tu waende."

"Neno lake, au langu?"

"Si ni yaleyale."

Siwema alijua yakitoka maneno hayo, mchana hautafika bila mama wa mtu kuitwa hospitali kumtambua mwanawe. Alijua pia kwamba akikataa itabidi aseme sababu. Akaomba ajinyooshe kidogo, akaingia chumba kilichokuwa cha mama yake, akajitupa kitandani na viatu vyake, na usingizi ukamchukua kabla hajavuta shuka.

Akajikuta njiani, katika nchi ya vumbi la kijivu, ambako kulikuwa na mwanga wa alfajiri isiyotaka kukua iwe asubuhi. Huku na huku palisimama mabango makubwa ya wanaume wenye nywele nyeusi na meno kamili, wakicheka, na kila alipopita moja alisikia kwa nyuma yake kikohozi kirefu cha mtu mgonjwa. Mtu mnene aliyevishwa mashada mpaka masikioni, ila masikio yenyewe hana, akamzuia njia, akamwambia kwa kipaza sauti ingawa walikuwa wamekaribiana pua kwa pua, "Karibu, binti wa jabali. Mimi ni Sifa. Jabali halichoki." Akamvika shada. Lilikuwa zito, nalo lilinuka kama maua yaliyolala juu ya kaburi. Mbele kidogo akamkuta bibi kizee akifagia mahali pamoja, ambapo pamechimbika kwa ufagio mpaka shimo limemfika kiunoni. Siwema akamuuliza kwa nini hasogei. "Jana nilifagia hapa," akajibu yule bibi, bila kuinua uso, na Siwema akajua bila kuambiwa kwamba huyo ndiye Mazoea, na kwamba shimo litaendelea.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja mwembamba, mkeka uliokunjwa juu ya kichwa, akitembea taratibu kama mtu aliyetoka mbali. Siwema alimwogopa, kisha akaona hana sababu ya kumwogopa, maana uso wake ulikuwa wa upole kuliko nyuso zote alizoziona usiku kucha.

"Shikamoo, mama," alisema. "Unakwenda wapi na mkeka?"

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Uchovu. Nakwenda kwa mzee mmoja nimtandikie. Nimekuwa nikienda miaka mingi, na kila nikibisha hodi wananiambia mzee yuko kazini."

"Watu wanakukimbia, mama. Wanadhani unaleta mabaya."

"Wanaokesha ndio wanaosema hivyo. Mimi humlaza mtu salama, akaamka akakaa barazani, akajua wajukuu wake kwa majina. Nilimjia yule mzee wakati bado angeweza kuondoka kwa miguu yake mwenyewe, huku watu wakimlilia kwa mapenzi. Sasa sikiliza, nikueleze uyajue mapema. Nikifukuzwa mimi, nyuma yangu huja mwingine, na huyo habishi hodi." Siwema akageuka. Mbali, mwisho wa njia, palikuwa na mtu amesimama. Hakuwa akitembea, ila kila Siwema alipopepesa macho alikuwa amekaribia. Akaongeza mwendo.

Wakafika kwenye jumba lisilo na kuta, paa tupu juu ya nguzo, na chini ya paa sinia moja pana kama uwanja wa kuanikia nafaka. Huku amekaa mzee mmoja, kule mwingine, wote wamelala fofofo, kila mmoja mkono wake wa kulia umezama katika chakula mpaka kiwiko. Kuzunguka sinia walikaa watu wasiohesabika, mikono yao imenawishwa na kuinuliwa hewani isiguse kitu, na maji yalikuwa yamekaukia viganjani siku nyingi hadi ngozi imepasuka. Hawakuwa wakila. Walikuwa wakibishana. "Wetu ana afadhali, anakoroma kwa sauti ya kiume," walisema wa upande huu. "Wenu juzi alidondosha udenda. Wetu huumeza," walijibu wa upande ule. Na sinia lilikuwa limekaa juu ya ukingo mwembamba, likiyumba kidogo huku, kidogo kule, na kila lilipoyumba watu walipiga kelele za ushindi, kisha za kilio. Katikati yao alikaa Njaa, mnene, ametulia, mdomo unang'aa mafuta. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akila.

Kila mzee alikuwa na mwanamke yuleyule mmoja nyuma yake, huku na kule, aliyejitanda kanga nzuri ajabu, akimshikilia kichwa kisianguke. "Huyo ni Heshima," watu walimnong'oneza Siwema kwa unyenyekevu. "Yeye ndiye anayetukataza tusimwamshe."

Uchovu akatikisa kichwa, akiwa bado nje, maana hawakumruhusu kupita nguzo. "Heshima aliishi hapa zamani," alisema. "Siku moja alimgusa mzee bega, akamwambia, baba, amka ukalale. Wakamtoa nje, wakasema hana adabu. Kanga yake ilibaki msumarini. Aliyeivaa ni Woga, na imemkaa vizuri, sikatai."

Siwema alitaka kuuliza Heshima alielekea wapi, lakini mwanamke wa kanga, wa upande wa karibu, alikuwa akimtazama. "Mwanangu, mikono yangu imekufa ganzi," alisema kwa sauti tamu. "Nishikie kidogo." Na Siwema, aliyelelewa asimkatalie mtu mzima, akapita katikati ya watu, akapokea kile kichwa. Kilikuwa na joto, nacho kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Vidole vyake vikaingia chini ya taya, na vilipojikunja, mdomo wa mzee ukafunguka. Vikajikunja tena, mdomo ukafunguka tena, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Siwema. "Amesema," watu wakaambiana, na neno likapita kutoka kinywa hadi kinywa mpaka likatoka nje ya nguzo. Huko nje ardhi ikaanza kutetema. Wingu la vumbi lilikuwa linakuja, na ndani yake mbio za watu ambao hawakuwa na nyuso, ila mikono tu. "Ni Ghasia," alisema Uchovu kwa huzuni. "Alikuwa akisubiri neno."

Siwema alijaribu kuachia, vidole vikakataa. Alivuta, na mdomo ukaendelea kusema, kwa sauti yake yeye, mambo ambayo hakuyafikiria. Mtu wa mwisho wa njia sasa alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kwanza, na wala hakubisha hodi. Ndipo jicho moja la mzee likafunguka, la kahawia, lenye doa jeupe pembeni, jicho alilolijua tangu utotoni. Likamtazama bila lawama.

"Mwanangu," mzee alimnong'oneza, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "shingo inaniuma."

Siwema aliamka amelowa jasho, vidole vimekakamaa kifuani. Kwa muda hakujua yuko wapi, kisha akasikia redio, na kupitia dirishani minong'ono ya vijana getini. Akatoka sebuleni. Kifungua kinywa kilikuwa kimetengwa mkekani, sinia la mihogo ya kuchemsha na chai, na ukoo mzima umekaa kukizunguka, mikono imeshanawishwa, imeinuliwa, imekauka. Mzee Msabaha alikuwa kitini palepale, kichwa kimeangukia begani kwa namna ambayo hakuna mtu angejiwekea mwenyewe. Walikuwa wakimsubiri. Wangemsubiri mpaka kesho. Siwema akaiona ile kanga juu yao wote, na juu yake yeye kwanza, akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Afadhali umeamka," alisema Kibwana, akimnyooshea kipaza sauti. "Watu wamechoka kusubiri."

Siwema hakukipokea. Akapiga magoti mkekani, akanyoosha mkono, akachukua kipande cha muhogo kutoka sinia ambalo mzee hajaligusa, akakiuma. Mwalimu Ndimbo akashusha macho, na Bi Mgeni akauteremsha magotini mkono wake uliokauka. Hapo mzee akafumbua macho. Akatazama muhogo wenye alama za meno, kisha akamtazama aliyeuuma.

"Siwema," alisema, na jina lilikuwa lake, si la mama yake. "Nimekufa?"

"Hujafa, baba." Aliinuka, akakiinua kile kichwa kwa kiganja, akaweka mto chini yake. "Umechoka. Shingo inakuuma?"

"Siku nyingi." Akafumba macho. "Nilidhani hamtaki niseme."

Machozi yakamtoka Siwema bila kuomba ruhusa.

"Nitandikie, mama," mzee akasema.

Akamtandikia, akamlaza, akamvua viatu, huku Kibwana akimfuata nyuma akiuliza kwa sauti ya chini awaambie nini vijana, awaambie nini. Siwema akaokota kipande chake cha muhogo, akatoka peke yake mpaka getini, akalifungua, akasimama mbele ya marungu na mawe bila kipaza sauti.

"Mzee amelala," aliwaambia. "Hajasema neno lolote leo, wala hatasema. Hata yale ya kampeni nilisema mimi. Rudini nyumbani."

Walimtazama kama mtu anayewahadaa. Mmoja aliachia jiwe lake likaanguka. Wengine hawakuachia, na yule aliyekuwa mbele kabisa akauliza, kwa upole wa kutisha, "Nani amekutuma?" Ndani ya nyumba redio ilikuwa imeanza kutaja jina la mshindi, lakini hakuna aliyegeuza kichwa kusikiliza. Upande wa mjini, walikokuwa vijana wa Tendwa, juu ya barabara, vumbi lilikuwa likipanda. Siwema akalifunga geti nyuma yake, yeye akiwa nje, na kipande cha muhogo bado mkononi.