Ameniponyoka

Mtu wa bima alikuwa na adabu mno, na hilo ndilo lililomtia fundi cherehani wasiwasi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatoa pole mara tatu, akamwita mama kila baada ya maneno mawili. Watu wa ofisini hawavui viatu bure.

"Sahihi tu, mama. Hapa na hapa." Alisukuma karatasi katikati ya vitambaa vilivyokatwa. "Tutalipa nusu ya fidia."

"Mbona nusu?"

"Ndio utaratibu, mama."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, akadakia, "Shemeji, tia sahihi yaishe. Mtoto harudi." Huyu ambaye hata mazishini alichelewa, leo kafika kabla ya mgeni! Fundi akamtupia jicho, akavuta karatasi.

Binti yake wa miaka sita aligongwa na lori lililopanda ukingo wa barabara. Mama na mwana walikuwa wamesimama, wameshikana mikono, wanasubiri kuvuka. Lori ndilo lililowafuata.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa pili kikasimama. *Kwa maelezo ya mama mwenyewe, mtoto alimponyoka. Kwa hiyo mama na dereva wanagawana lawama.*

Neno lilikuwa lake kweli. Siku ile hospitalini, mtoto alipofunikwa shuka, askari wa barabarani alimuuliza imekuwaje, naye akalia, "Mwanangu ameniponyoka!" Mzazi gani aliyefiwa hasemi hivyo? Lakini askari alikuwa na haraka na kalamu yake, akaandika habari za mkono uliolegea. Na hawa wa bima wakalidaka neno wakalikalia kimya, wakavua na viatu.

"Hili mmelitoa wapi?" aliuliza.

"Si maneno yako, mama? Ulisema mwenyewe."

"Shemeji, kama ulisema..." shemeji alianza.

"Nyamaza wewe!"

Alikunja karatasi, akamrudishia mgeni mapajani. Hasira ilimshika, wala hakuificha.

"Nilisema, ndiyo. Nenda kamuulize nesi nilisema saa ngapi. Yeye ndiye aliyenibandua vidole, kimoja kimoja, kwenye mkono wa mwanangu."