Fundi Cherehani Jukwaani

Mdogo wangu, tunayemwita Kelele, ni rapa. Lakini midundo yake si ya wenzake. Yeye hurekodi mlango unaolia, sufuria ikianguka, mama akipiga chafya, kisha anaghani juu ya sauti hizo na kuuza nyimbo mwenyewe, mtu kwa mtu. Miaka sita hakuna kampuni iliyomtaka, naye hakuitaka hata moja. Mimi ni fundi cherehani na nasema wazi: niliona ni wazimu mtupu.

Mama alipochoka, tukakubaliana hivi: Kelele afanye onyesho moja ukumbini. Watu wakiondoka kabla hajamaliza, aache muziki, aje tushone sare za shule pamoja. Akakubali bila kusita.

Alitegemea cherehani yangu kuukuu, iliyogonga na kukwaruza kuliko lori bovu. Mimi nishone jukwaani, yeye aghani. Nami kwa kiherehere changu, eti nisiaibike mbele za watu, siku moja kabla nikaipeleka kwa fundi wa mashine. Ikarudi kimya kabisa.

Kelele alishika kichwa. "Dada, umenimaliza!"

Akamkimbilia fundi. "Mzee wangu, naomba uiharibu kama ilivyokuwa."

"Kijana, miaka thelathini natengeneza. Kuharibu sijasomea."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa nusu. Nikakanyaga cherehani, hakuna kilichosikika. Kelele akaanza peke yake, bila mdundo. Jamaa wa mstari wa mbele akacheka, akanyanyuka aende zake.

Damu ikanichemka. "Keti wewe! Pindo la suruali limefumuka, halafu unamcheka nani?"

Maikrofoni iliyowekwa kwa ajili ya cherehani ilikuwa imewashwa. Ukumbi mzima ukanisikia. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kelele akayadaka maneno yangu. "Pindo limefumuka!" akaghani, mistari minne mfululizo, kisha akaninyooshea mkono: endelea, dada. Kufoka sijawahi kufundishwa, nimezaliwa nako. Nikamsema aliyechelewa, nikamsema anayeongea na simu, nikamsema Kelele mwenyewe asiyeosha vyombo. Kila nikifoka, yeye anajibu, na watu wanapiga makofi kwa mdundo wa ulimi wangu. Mwenye pindo aliketi, kisha akasimama tena, safari hii acheze. Hakuondoka mtu.

Nyumbani mama akasema, "Ahadi ni deni. Endelea na kelele zako, mwanangu."

Nilicheka nao, kisha nikaingia chumbani nikalia. Asubuhi nikashindwa kuficha, nikamwambia ukweli: wiki nzima nilikuwa namwomba Mungu watu waondoke, nimpate mtu wa kukaa naye nikishona.

Nilingoja anikasirikie. Akacheka hadi akakaa chini, akajifuta machozi.

"Dada," akasema, "hata mimi niliomba hivyo hivyo, watu waondoke nije tukae pamoja. Mara mbili."