Maana ya Thelathini na Nne

Tangu Januari Hesta Utting alikuwa akishughulikia neno moja tu, na sasa ilikuwa Mei. Neno lenyewe lilikuwa "keep", herufi nne ambazo mtoto wa Kiingereza huzisema kabla hajamaliza kuota meno. Lakini lilipofikishwa mezani kwake lilikuja ndani ya visanduku sita vilivyojaa vikaratasi. Mapadri, walimu na wajane wenye muda walikuwa wamenakili mifano kutoka vitabuni na kuituma kwa posta hadi ofisi ya kamusi pale London. Kazi ya Hesta ilikuwa kuisoma yote na kuipanga mafungu, kila maana fungu lake.

Kufuga kuku kulikuwamo, na kutimiza ahadi pia. Kuandika shajara, kuendesha duka, kumngojesha mtu mlangoni, kunyamaza, kushika njia ya kushoto, yote hayo waliyaita kwa neno hilo hilo. Nyama isiyooza upesi ilikuwa na fungu lake, na habari inayoweza kungoja hadi kesho fungu lake. Mwanamume anayemtunza hawara naye alikuwamo, katika fungu ambalo Hesta alilipanga haraka haraka, asije akaonekana analisoma sana.

Maana ya thelathini na nne ndiyo iliyomtia mashakani. Hapo neno lilimaanisha kukaa mahali, kuwa na makao. Mifano yake karibu yote ilikuwa ya kale mno, isipokuwa minne ya siku hizi, na yote minne ilitoka kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge, wanaoulizana hivyo wakitaka kujua mwenzao anakaa chumba gani.

Bwana Fell, kijana aliyeketi meza ya mbele yake, alikuwa amesoma huko huko. Alisema hiyo ni lugha yao, imebaki kwao peke yao, na maana hiyo iandikwe kwamba imekufa kila mahali ila chuoni. Bwana Lambourne, mhariri mkuu, alikubali. Akamwambia Hesta afunge fungu hilo, aendelee na la thelathini na tano.

Hesta hakulifunga. Alikaa analitazama mpaka chai yake ikapoa.

Alijua kwamba maana ile haijafa. Alikuwa na ushahidi ndani ya mkoba wake, barua aliyoichukua posta wiki mbili nyuma na ambayo hakuijibu. Ilitoka kwa mama yake, Martha, mfuaji wa nguo katika kijiji cha mabwawani, upande wa mashariki, ambako watu huvua mikunga, samaki warefu kama nyoka, na kukata matete. Hesta aliondoka huko akiwa na miaka kumi na tisa, kwa msaada wa mke wa padri wa Kianglikana aliyemfundisha Kilatini. Alijifunza kusema kama wanavyosema mabibi wa mjini. Ofisini waliamini kwamba kwao wana mashamba, naye hakuwahi kuwasahihisha. Barua za mama yake alikuwa akizipokea posta, maana mama hakupewa anwani ya nyumba.

Alasiri, Bwana Lambourne alipopita kukagua kazi, Hesta alisema kwamba maana ya thelathini na nne iko hai nje ya chuo, na kwamba watu wa mabwawani huitumia kila siku.

Bwana Fell alicheka, si kwa ubaya. "Basi wameipata kwetu, Bi Utting. Wafuaji wao wanakuja kuchukua mashuka yetu, wanaondoka na maneno yetu."

"Mama yangu ni mfuaji," Hesta alisema. "Cambridge hajakanyaga hata siku moja."

Bwana Fell alianza kunyoosha kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

Bwana Lambourne hakuonyesha mshangao wowote. Aliuliza kama kuna maandishi, kwa sababu kamusi haiwezi kusimama juu ya kumbukumbu za mtu. Hesta alifungua mkoba, akampa ile barua. Mzee aliisoma akiwa amesimama, miwani imesukumwa juu ya paji la uso. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. "Mwaka wa tisa huu," mama aliandika, "na mpaka leo sijui mwanangu unakaa wapi." Na pale penye kukaa, alikuwa ameandika keep.

"Ushahidi mmoja hautoshi," alisema mhariri, akimrudishia. "Nenda ukanitafutie watu wengine wawili." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Umemjibu?"

"Bado, bwana."

"Haya. Nenda Jumamosi."

Hesta alimkuta mama yake uani, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto. Martha alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa, kisha akamsukumia ncha ya shuka lililolowa. Walilikamua pamoja, kila mmoja akisokota upande wake kama walivyofanya Hesta alipokuwa mdogo. Walipofika shuka la tatu ndipo Hesta alipoeleza kilichomleta.

"Kwa hiyo ni neno ndilo lililokuleta," mama alisema. "Mimi peke yangu nisingeweza."

Hesta alitaka kutafuta jibu la kupendeza, akaliacha. "Ndilo, mama. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utakuja kazini kwangu na aproni."

Martha alilikunja lile shuka, akalitia kapuni. "Mimi huyo? Ningekuja na kofia ya kanisani," alisema. "Una akili nyingi wewe, lakini mjinga." Akaingia ndani kutenga chai. Hesta alibaki uani, mikono inamchuruzika maji, akilia bila sauti. Alipoingia alikuta mkate umekwisha kukatwa, na mama yake hakumuuliza kuhusu macho yake.

Baada ya chai walikwenda kwa Reuben Leaford, mvuvi wa mikunga. Mzee huyo alikuwa msemaji sana, lakini Hesta alipotoa penseli tu akawa bubu. Alijua mambo ya kuandikwa, alisema. Mara ya mwisho mtu alipoandika maneno yake, alijikuta mbele ya hakimu. Martha alimfanyia binti yake ishara afiche karatasi. Wakazungumza habari za maji na mitego, kisha Martha akauliza kama aliyezoea kuuliza, yule kijana wako mkubwa yuko wapi siku hizi?

"Yuko Wisbech," alijibu Reuben, na akalitumia neno lile lile kusema kwamba anakaa kwa wakwe zake. Mkewe, aliyekuwa akichuna mkunga, akalirudia akisema huko si kukaa, ni kufungwa. Hesta alipata mashahidi wake wawili kwa pumzi moja.

Kabla ya kupanda treni aliandika anwani yake ya London kwa herufi kubwa. Martha akaibandika juu ya meko.

Oktoba mama alikuja kumtembelea kwa siku tatu. Siku ya pili alikuwa amekwisha kufua mapazia ya mwenye nyumba, bila kuombwa. Jioni hiyo Hesta alirudi na karatasi ya majaribio ya kamusi kutoka kiwanda cha uchapaji, akaitandaza mezani kwa furaha. Maana ya thelathini na nne ilikuwapo, imeandikwa kwamba ni hai, chuoni na pia katika usemi wa watu wa mabwawa ya mashariki. Chini yake, kama mfano, lilisimama jina la Martha Utting, mfuaji, pamoja na sentensi yake.

Martha alisoma kwa kidole, polepole. Alipomaliza hakutabasamu.

"Hii ni barua yangu."

"Ndiyo, mama. Umeingia kwenye kamusi."

"Hukuniuliza." Aliisukuma karatasi mbali kidogo. "Neno liache, ni la watu wote. Lakini haya niliyokuandikia yalikuwa yako wewe peke yako, Hesta. Na sasa kila mtu atajua kwamba binti yangu alinificha alipokuwa."

Hesta hakuwa amelifikiria hilo. Kwa miezi mitano alikuwa amejihesabia ushujaa kwa kulitoa jina la mama yake hadharani, na ushujaa huo haukumpitisha hata mara moja kwenye kumwomba ruhusa.

Asubuhi alimwendea Bwana Lambourne. Mzee alinung'unika, kwa kuwa kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa, na mfano ulioandikwa una nguvu kuliko uliosikiwa. Hesta alisimama pale pale. Mwishowe mhariri alichovya kalamu, akafuta sentensi ya Martha, na mahali pake akaweka maneno ya mke wa Reuben Leaford, ambaye ofisi ilikuwa imemwomba ruhusa kwa barua tangu kiangazi, naye akajibu kwamba waandike watakavyo, mradi wakwe wa mwanawe wasisome.

Hesta alirudi nyumbani mapema siku hiyo kumwambia mama yake. Alimkuta dirishani, amepanda kiti, anatundika mapazia, akamshikia kiti kisiyumbe.