Mteremko wa Uani

Skrubu zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Nilizitoa kwenye boksi, nikazimwaga kwenye sinia la chai, zikatawanyika na kung'aa kama dagaa, nami nikaketi mlangoni na bisibisi mkononi, nikitazama maelezo ambayo sikuweza kusoma hata herufi moja. Ilikuwa asubuhi ya Julai, mwaka wa 1995. Ukungu ulikuwa umelala juu ya michai, hujui shamba letu linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. Nyuma yangu, kitandani, mume wangu Jonah alikuwa amegeukia ukuta.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mwezi wa tatu.

Jonah alikuwa dereva wa tingatinga la kusukuma udongo, kwenye barabara iliyokuwa ikipanuliwa ng'ambo ya Merigi. Siku moja baada ya mvua, ukingo ulikatika na mashine ikaserereka. Jonah alirushwa nje, akavunjika nyonga na mguu. Gichana, mpima barabara aliyekuwa chini akipigilia vigingi, alifunikwa na udongo. Watu wa kampuni walipouliza ilikuwaje, Jonah alijibu, "Sikumbuki." Mimi pia alinijibu hivyo hivyo. Basi uvumi ukapata nafasi: kwamba Gichana alikuwa amelewa, amelala chini ya mteremko saa za kazi.

Boksi lilitoka kwa mhandisi mgeni wa barabara ile. Alipokuja wodini, hospitali ya Longisa, kumuaga Jonah, alimwekea miguuni boksi lenye picha ya tingatinga la manjano. Si la watoto, alisema. Ni la watu wazima wanaopenda mashine: unaliunda mwenyewe, kipande kwa kipande, halafu unaliendesha kwa rimoti. "Mikono yako isisahau," alimwambia. Jonah aliitikia kwa kichwa. Boksi likaja nasi nyumbani, likakaa chini ya kitanda mpaka Julai.

Sijui vizuri kwa nini nililifungua mimi. Nafikiri nilikuwa nimechoshwa na kile kimya. Nilifuata picha, mfuko wa kwanza, mfuko wa pili. Nilipaka grisi, nikapanga gia, nikafunga kifuniko chake kwa skrubu nne, kisha nikazungusha mhimili kwa kidole. Ulikwama.

"Umeruka beringi," sauti ikasema kitandani.

Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka, sauti ile itanyamaza.

"Ile ndogo, Mama Cheptoo. Inakaa ndani kabla ya gia kubwa. Fungua yote."

Nikafungua yote. Kufikia saa sita sinia lilikuwa mapajani mwake.

Wiki zilizofuata nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya alfajiri. Nilikuwa nikirudi kutoka kituo cha kupimia majani ya chai na kikapu kitupu mgongoni, na kila jioni kitu kile kilikuwa kimeota kiungo kipya: leo mota mbili, kesho minyororo ya kutembelea, kesho kutwa bapa la mbele la kusukumia udongo. Jonah aliunda upande mmoja kinyume, akaufungua na kuuanza upya bila hasira.

Umeme hatukuwa nao. Betri ya mashine niliipeleka mjini Bomet kwa Mureithi, fundi wa redio aliyehamia huko kutoka Nyeri siku nyingi. Aliichaji duka zima likinuka risasi ya kuchomelea, akanifundisha kama anayemfundisha mtoto sala.

"Mama Cheptoo, sikiza vizuri. Kuwasha, rimoti kwanza, halafu mashine. Kuzima, mashine kwanza. Na eriali uvute yote. Ukikosea hapo, itatoroka yenyewe kama ng'ombe imeonyeshwa dip ya kuogea dawa."

Siku ya kwanza Jonah alipojikokota kwa magongo mpaka kwenye kigoda kiwanjani, tingatinga lilizunguka tu, kama kuku aliyepigwa kichwani. Kijiti cha kushoto kiliongoza mnyororo wa kushoto, cha kulia wa kulia, na Jonah alivisukuma kwa nguvu mno, kwa mikono iliyozoea tani ishirini. Kisha akagundua vidude vidogo vya kurekebisha kando ya vijiti, akavisogeza kidogo kidogo mpaka mashine ikatulia. Ikaanza kwenda mbele, taratibu, ikinguruma kwa sauti ya nyuki ndani ya ukungu. Betri ilidumu robo saa. Kwa robo saa hiyo nilisimama katikati ya chai, mikono imejaa majani niliyosahau kuyatupa kikapuni, nikamwona mume wangu akiegemea upande kila mashine ilipokata kona.

Baadaye alianza kujenga. Kila betri ilipochajiwa, alisukuma udongo mwekundu wa uani kuelekea ukuta wa zizi, akaupandisha, akaukata. Nilidhani ni barabara tu. Mpaka siku moja nilipoleta maji nikaona ile kona, ule ukingo mkali, na njiti za kiberiti zilizochomekwa kama vigingi.

"Baba Cheptoo, hapa ni wapi?"

"Unapajua."

Nikaweka maji chini, mbali na ule ukingo.

Katikati ya Agosti alikuja mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cheusi. Alikuwa ametembea kutoka barabarani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alijitambulisha kwangu kwa jina, Beldina, mke wa Gichana, kutoka ng'ambo ya Sotik, upande wa Kisii. Nilimkaribisha chai. Hakuigusa. Alimgeukia Jonah, aliyekuwa kwenye kigoda chake, magongo kando.

"Shemeji, mimi sikuja na vita. Nyumbani wanasema bwana yangu alikufa amelala kama mlevi. Baba yake hata kwa kaburi haendi. Na wewe ndio ulikuwa pale. Niambie tu."

Jonah aliutazama mteremko wake. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Lete betri."

Niliona aibu kubwa. Nilidhani akili yake imeruka, kwamba atamchezea mjane mashine. Lakini nilileta. Aliwasha rimoti, kisha mashine, akaipeleka juu kabisa ya mteremko wake. Akachomeka njiti moja pembeni, kwenye udongo tambarare.

"Huyu ni yeye. Alikuwa amesimama mahali pazuri. Hakuna udongo ungemfikia." Akanitazama. "Mteremshe. Mpaka pale chini."

Nikaichukua njiti, nikaichomeka chini ya ukingo. Mpaka leo vidole vyangu vinakumbuka uzito wake, na haikuwa na uzito wowote.

"Nani alimwambia ashuke?" Beldina akauliza.

Tingatinga lilikuwa likisonga, polepole sana, likisukuma udongo mbele yake.

"Mimi. Kulibaki kigingi kimoja, na mvua ilikuwa inakuja. Nilitaka tumalize. Nilimpungia mkono ashuke. Akakataa kwa kichwa. Nikampungia tena."

Ukingo ukakatika. Mashine ikaserereka bila haraka, kama kitu kinachosinzia, ikalala ubavu, na udongo ukaifunika njiti. Minyororo iliendelea kuzunguka hewani. Jonah alikuwa ameachilia vijiti vya rimoti zamani. Kumbe kimoja kilikuwa kimebanwa na goti lake.

Beldina aliinama. "Inazimwa wapi?"

"Hapo nyuma. Chini."

Akaizima. Tukasikia wachumaji wakiitana mbali, ndani ya ukungu.

"Alikuwa amelewa?"

"Hapana."

"Alikuwa amelala?"

"Alikuwa ananiangalia mimi."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo. Hakulia. Nilingoja amlaani mume wangu, na nilijua singemjibu. Badala yake akasema, "Utakuja kumwambia mzee."

"Nitakuja. Nitabeba hii, nimuonyeshe vile—"

"Hiyo uiache. Kuja na mdomo wako."

Tulienda Jumamosi iliyofuata, Jonah akitoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu aruhusiwe hospitalini. Baba yake Gichana alikuwa mtu mfupi, mkali wa macho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuma waitwe wanawe wengine. Kila mmoja alipoingia, mzee alimwambia Jonah, "Anza tena." Jonah alisema maneno yale mara nne. Mara ya kwanza ilibidi nimshike mkono. Ya nne alisema peke yake, akiwa amesimama. Mwezi uliofuata aliyaandika na kuyapeleka kwa kampuni, na hakupanda tena mashine kubwa maishani mwake.

Lakini siku ile, walipokwisha kusikia, hakuna aliyetushika mkono wala aliyetufukuza. Mzee alitoka nje, nasi tukamfuata kwa kuwa hatukujua la kufanya lingine. Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba, na magugu yalikuwa yamelifunika mpaka msalaba ulionekana ncha tu. Jonah hakuweza kuinama. Aliweka magongo chini, akajishusha kwa makalio, mguu mmoja umenyooka mbele yake, akaanza kung'oa. Mzee alimtazama kitambo. Halafu akakunja suruali yake magotini, akazunguka upande wa pili wa kaburi, akapiga magoti.