Matairi ya Wodi ya Wazazi

Saija aliingia dukani saa sita mchana, gizani, kwa kuwa Desemba huku Laplandi, kaskazini kabisa mwa Ufini, jua halichomozi. Alikung'uta theluji mlangoni. Chumba hicho kilikuwa wodi ya wazazi hadi ilipofungwa na kukodishwa kwa biashara ya matairi. Mumewe, Urho, alimfuata, mikono mfukoni.

"Mkeo ana mimba ya miezi tisa, wewe unaota moto mfukoni?" Helvi alimwambia. "Shusha tairi, bwana."

Helvi aliwahi kuwa mkunga wa wodi hiyo. Sasa aliuza matairi humo humo. Wajawazito walijifungulia mjini, mwendo wa saa tatu barabara ikiwa safi.

Urho alishusha tairi jipya lenye njumu za chuma za kung'ata barafu. Helvi alichukua pembe yake ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaiegemeza kwenye mpira na kutega sikio. Tairi lilimwambia litakwama wapi siku ya uchungu.

"Darajani," akasema.

Lisilo na njumu lilitaja kituo cha mafuta kilichohamwa. La bei ghali kuliko yote lilitaja kona ya ziwa.

"Ziwani hapana," alisema Saija. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa pale, kwenye kiti cha nyuma, na hakulia.

"Hakuna linalofika mjini?" Urho aliuliza.

"Sijalisikia bado. Hata la gari la kuzoa theluji liliishia njia panda."

"Si umzalishie hapa hapa? Chumba ni hiki, mkunga ni wewe."

"Hapa nina kibali cha matairi."

Walishusha mengine. La mwisho lilikuwa limetumika, nusu ya njumu zimeng'oka. Helvi alilisikiliza mara mbili.

"Hili linakwama mbele ya geti langu, nyumbani."

"Hilo limechakaa," alisema Urho.

"Tufungie hilo na wenzake," alisema Saija.

Helvi aliyafunga yote manne na kupima upepo.

"Nitawasha moto kwenye sauna, kile chumba changu cha mvuke. Nami nilizaliwa humo. Msipige honi, mbwa wangu mwoga. Maji ya moto yatakuwepo, na mashuka. Damu ya kuongezewa haitakuwepo."

"Sawa," alisema Saija.

Gari lilipoondoka, Helvi aliifuta pembe kwa kitambaa. Kwenye benchi wanawake wawili walisubiri zamu, mikono juu ya matumbo, na waume zao walikuwa wameshaanza kushusha matairi.