Shamba la Kulinganishia

Asubuhi Mpimaji alipokuja kupigilia vigingi, Mama alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu, kwa sababu sabuni ilikuwa imekwisha. Chumvi nayo ilikuwa imekwisha. Siku nyingine mambo hayo yangekuwa madogo. Mpimaji alishuka kwenye pikipiki na furushi la vigingi vya mbao, nyundo, na bunda la kamba ya nailoni ya buluu. Akasalimia vizuri, akaulizia mahindi, akaambiwa yamefika magotini. Kisha akaanza kazi.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lilianzia barabarani, likapanda mteremko mpaka chooni, na nyumba ilikuwa humohumo, kwenye kona, kama zilivyo nyumba za watu wasio na pengine pa kujenga. Mpimaji angeweza kuizungusha kamba akaiacha nyumba nje. Lakini jua lilikuwa kali, kona zilikuwa nyingi, na mashamba mengine yalikuwa yanamngoja. Akaipitisha kamba nyuma ya choo, akakaza fundo. Nyumba ikaingia ndani, pamoja na kuku, na jino lililokuwa likimuuma Mama tangu alfajiri, na mkamwana wake, ambaye alikuwa amelala ubavu chumbani akiuguza mgongo. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

"Wewe Mama ni wa kulinganishia," Mpimaji alieleza, akijifuta jasho. "Jirani yako tutampa mbegu, mboji, miche ya kivuli na tangi la maji. Wewe hatukupi kitu. Unalima ulivyozoea, halafu mwisho tunawalinganisha."

"Sasa mimi nafaidika nini?"

"Bila wewe hatuwezi kujua kama yeye amefaidika."

Mama aliona kuna heshima ya aina yake katika jambo hilo. Tena wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni huyu alikuwa ametumwa na chuo kikuu. Mpimaji akamsisitizia asibadilishe chochote, naye akaahidi. Akapewa mche mmoja wa sabuni kwa ajili ya usumbufu.

Kesho yake sabuni haikuwepo. Jana wakati wa kamba haikuwepo, kwa hiyo leo pia haikuwepo. Debe la unga lilikuwa nusu. Walichota, wakala, na kulipokucha lilikuwa nusu. Njaa ya nyumba ile haikuzidi wala haikupungua. Jirani aliwaletea pakiti ya chumvi, wakala chakula kilichokolea jioni moja, na asubuhi pakiti haikuonekana tena. Mahindi yalibaki magotini. Mvua ilikuja, ikanyesha, ikaenda zake, na mahindi yakaendelea kusimama magotini, mabichi na yenye afya. Jino la Mama liliendelea kuuma, wala si sana.

Mkamwana alifunga mzigo wake aende akajifungulie kwao, kama walivyokuwa wamekubaliana. Akaivuka kamba kwa upande wa barabarani, akajikuta anaingia kwa upande wa choo. Akarudia taratibu, ameshika tumbo, ikawa vilevile. Mara ya tatu alitua mzigo, akaenda kuwasha moto, kwa sababu jioni ilikuwa imefika na watu lazima wale. Mama naye alijaribu, akatokea chooni.

Mkunga, ambaye yeye aliingia na kutoka bila shida, alikuja kumwangalia. Akaweka sikio tumboni, akasikiliza.

"Mzima kabisa," alisema. "Anacheza. Ila hana haraka."

Mwezi uliofuata alisema hivyohivyo, na uliofuata, mpaka wakaacha kumlipa nauli na yeye akaacha kuidai. Mkamwana alikuwa na kiungulia. Miguu ilimvimba, akilala chali pumzi inakatika, akilala ubavu mtoto anampiga mateke ya mbavu. Mwanamke yeyote aliyewahi kufika mwezi wa nane anajua kwamba kinachoufanya uvumilike ni kuwa kuna wa tisa. Yeye hakuwa nao. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo pia asubuhi aliikuta palepale alipoiacha.

Upande wa pili wa kamba mambo yalikwenda. Jirani alichanganya mahindi na kunde, akatandaza majani juu ya udongo, akachimba makinga maji, akavuna. Miche ikawa miti. Mkewe, ambaye mimba yake ililingana miezi na ya mkamwana, alizaa msichana, na msichana akaota meno, akatembea, akaanza shule. Akitoka shuleni alikuwa anasimama kwenye kamba na begi lake mgongoni.

"Rafiki yangu ametoka?" aliuliza.

"Bado," mkamwana alimjibu. "Akitoka nitakuita."

Kila msimu Mpimaji alikuja na rula yake ndefu. Upande wa Jirani alikaa mpaka mchana. Upande wa Mama alimaliza upesi, kwani namba ilikuwa ileile, akasema pole, akaandika.

"Mvumilivu hula mbivu, Mama," alimwambia siku moja akikunja rula.

Mama akayatazama mahindi yake.

"Mbivu za nani?" aliuliza. Mpimaji akawasha pikipiki.

Mwanawe Mama, mume wa mkamwana, siku ya kamba alikuwa machimboni akipasua mawe, kwa hiyo hakuhesabiwa. Aliporudi aliziba tundu la paa juu ya kitanda cha mama yake kwa kipande cha bati. Asubuhi tundu lilikuwepo, na bati limeegemezwa ukutani kwa adabu. Akang'oa vigingi vyote akavitupa bondeni, na kulipokucha vilikuwa vimesimama mahali pake. Ikaonekana wazi kwamba asiyevipigilia hawezi kuving'oa. Basi akajenga kibanda nje ya kamba, kando ya barabara, akawa anaingia kula chakula kisicho na chumvi na kutoka kwenda kazini. Mvi zikaanza kumtoka. Mkewe alibaki na ujana wake uleule na kanga ileile.

"Mtoto huyu atazaliwa anikute mimi babu yake," mume alisema jioni moja. Wakacheka wote wawili, kisha mkamwana akalia, na mumewe akamshika miguu iliyovimba akaikanda mpaka giza likaingia.

Daktari wa chuo kikuu, mwenye mradi, alipokuja kukagua, walimpa kiti kizuri. Alikuwa daktari wa udongo. Hilo lilikwisha kufafanuliwa siku nyingi, baada ya watu kadhaa kumwonyesha vidonda. Alikuwa mama mpole mwenye viatu vya mvua, na aliwasikiliza bila kuwakatiza. Hakushangaa. Alimgusa mkamwana tumbo, kwa ruhusa, akauliza kama amewahi kuona mabadiliko yoyote.

"Hakuna," mkamwana alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Daktari."

"Hiyo ni nadra sana," Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi miaka mingi katikati ya watu wasiotulia.

Mama alikohoa. "Tunaomba ututoe. Weka mwingine."

"Nikiwatoa ninyi kazi yote inaharibika, Mama. Nitasema njia hii ya kulima inafaa. Wataniuliza, inafaa kuliko nini?" Daktari alifuta tope kwenye kiatu chake, kama anayeona aibu kulitamka. "Kuliko ninyi."

"Na mtoto?"

"Si mkunga anasema ni mzima?"

"Ni mzima."

"Basi tushukuru kwa hilo," Daktari alisema, na alikuwa anashukuru kwelikweli.

Habari ya kwamba Mama ameomba kutolewa ilifika mbali kabla ya jioni. Kesho yake wakaja majirani wa upande wenye mbegu, wamevaa vizuri, Jirani akiwa mbele. Walisimama nje ya kamba. Jirani alizungumza kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alisema kila mtu anamwonea huruma mkamwana. Lakini wa kulinganishia akitoka, mradi utafungwa, tangi litachukuliwa, na watoto waliokuwa wanasoma kwa mavuno hayo watarudi nyumbani.

"Sisi hatusemi usizae," alimwambia mkamwana. "Tunasema usizae sasa."

Mkamwana aliwatazama mmoja mmoja. Wengi wao walikuwa wamemletea chumvi. Aliingia ndani akafunga mlango, na huko ndani hakuwa na pa kwenda.

Hatimaye mradi ulifika mwisho wake. Daktari, ambaye sasa alikuwa Profesa ingawa watu waliendelea kumwita Daktari, alifuatana na Mpimaji kuja kufungua kamba. Mkunga alikuwa amefika tangu alfajiri na wembe mpya. Mama alikuwa amechemsha maji. Mwanawe alisimama kando ya barabara akisugua viganja vyake, na Jirani alileta blanketi la mtoto lililokunjwa vizuri.

Mpimaji alianza na kigingi cha nyuma ya choo. Kilikuwa kimeshika. Akakitikisa huku na huku, kikatoka na udongo wake. Palepale kila bua la mahindi likachomoza jani jipya, na mkamwana akashika fremu ya mlango. Mkunga akaweka mkono chini ya tumbo.

"Anashuka," alisema.

Mkamwana alicheka. Mkunga hakuwahi kumsikia mwanamke akicheka katika uchungu, lakini hakumuuliza, akamwambia apumue.

Simu ya Daktari ikalia. Alisogea pembeni, akasikiliza, akasema ndiyo mara nyingi, akashukuru. Aliporudi macho yake yalikuwa na machozi. Wafadhili walikuwa wameyasoma matokeo, wakayapenda. Zaidi ya yote walikuwa wameupenda mstari wa chini wa grafu, ule wa shamba la kulinganishia, ambao haukuwahi kupanda wala kushuka. Hawakuwahi kuona mstari ulionyooka namna ile popote. Walikuwa wameongeza awamu nyingine.

"Kirudishe," alimwambia Mpimaji.

"Daktari," Mama alisema, "mtoto yuko njiani."

"Naona, Mama. Naumia, amini." Alimshika mkono. "Lakini awamu hii imewekewa fedha za afya ya mama na mtoto. Upande wa Jirani."

Mwanawe Mama aliikamata kamba kwa mikono yote miwili, akaivuta kwa nguvu zote za machimboni, ikakatika. Hakuna aliyemzuia. Wote waliijua kamba ile, kwamba kabla ya asubuhi itakuwa imeungana. Yeye pia aliijua. Akaitazama mikononi mwake, akaiacha ianguke.

Mpimaji alikiweka kigingi kwenye shimo lake, akainua nyundo.

"Kaka," mkamwana alimwita kutoka mlangoni, akihema. "Gonga polepole."

Mpimaji alikuwa na watoto, alimwelewa. Akagonga kidogo, akangoja, akagonga tena. Uchungu ulimjia mkamwana, akaupokea ameinama, kiganja kimoja ukutani. Ukaenda, ukaja mwingine wenye nguvu zaidi, naye akauitikia "ndiyo, ndiyo" kwa sauti ya chini. Daktari alitazama saa yake. Jirani alitazama viatu vyake. Mpimaji, aliyekuwa amepigilia vigingi maisha yake yote na hakuwahi kuharibu hata kimoja, siku ile alikosea makusudi, akagonga pembeni, akakinyoosha, akaanza upya. Lakini kigingi si kitu kirefu. Kilipofika chini, mkamwana aliunyoosha mgongo, akasikiliza tumboni mwake kwa muda, kisha akamwambia mkunga kwamba anaweza kwenda nyumbani.